Kutredi forex ni kazi au ni kamari?

Swali: "Nina akiba ya shilingi 60,000. Shemeji yangu anatredi forex kwa simu, na ananiambia hiyo ni kazi kama kazi nyingine, ila inataka kusoma. Mama anasema ni kamari tu, jina ndilo limebadilishwa. Nani anasema kweli? Na je, niweke hata nusu ya pesa hizo?" Msomaji, Mombasa.

Ndugu yangu, forex ni kununua na kuuza sarafu za nchi mbalimbali ukitafuta faida bei zikibadilika. Kwa namna ambayo watu wengi wanaifanya kwenye simu, yaani akaunti ndogo, mkopo mkubwa wa broka (kampuni inayopokea oda zako za kununua na kuuza) na oda kadhaa kila siku, mama yako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko shemeji. Lakini sababu yenyewe si ile inayosemwa vijiweni, kwamba "hakuna anayejua bei ya kesho". Mvuvi naye hajui kesho atapata nini, na mkulima anapanda bila kujua mvua, wala hakuna anayewaita wacheza kamari. Kutojua peke yake hakutoshi. Cha kuangalia ni hesabu: ukirudia jambo lile lile mara mia, pesa inaelekea wapi, na anayekulipa ukishinda anaitoa wapi.

Tuanze na kamari ambayo hakuna anayeibishia. Kampuni ya kubeti inaweka mchezo wa pande mbili zenye nafasi sawa, kila upande odi 1.85. Ukiweka shilingi 100, nusu ya mara unapata 185 na nusu nyingine unapata sifuri. Wastani ni shilingi 92.50. Maana yake kila shilingi 100 unayoweka, 7.50 imeshakwenda kwa kampuni kabla mpira haujaanza. Ukifunga mkeka wa mechi tano, makato hayo yanazidishana: 0.925 × 0.925 × 0.925 × 0.925 × 0.925 ni 0.677, yaani katika kila 100 umeshaacha 32. Ndiyo maana mikeka mirefu inatangazwa sana. Sasa shika namba hiyo ya 7.5, tutairudia.

Kwenye forex, kipimo kidogo cha bei kinaitwa pipu. Kwa euro dhidi ya dola, pipu moja ni 0.0001. Loti kamili ni euro 100,000, na kila pipu ina thamani ya dola 10. Loti 0.10 ni euro 10,000, pipu dola 1. Loti 0.01 ni euro 1,000, pipu senti 10. Broka anakuuzia kwa bei ya juu kidogo kuliko ile anayonunulia, na tofauti hiyo ndiyo spredi. Tuseme ni pipu 1.5. Kila ukifungua oda unaanza ukiwa chini kwa pipu 1.5, hata bei isipocheza.

Watu husikia pipu 1.5 wakaona si kitu. Makosa yako hapo, kwa sababu spredi haipimwi peke yake, inapimwa dhidi ya kile ulichohatarisha. Ukiweka amri ya kukata hasara, yaani inayofunga oda yenyewe bei ikikuendea vibaya, umbali wa pipu 15, dau lako ni pipu 15, na spredi ya 1.5 ni asilimia 10 ya dau. Hiyo imepita ile 7.5 ya kampuni ya kubeti. Anayefukuzia pipu tano tano kwa dakika chache analipa asilimia 30 ya dau kila mara, karibu sawa na ule mkeka wa mechi tano. Anayeshikilia oda kwa siku kadhaa, amri yake ikiwa umbali wa pipu 150, analipa asilimia 1, na juu yake kuna swapu, yaani riba ya kulaza oda usiku (Jumatano kwa kawaida hutozwa mara tatu, kufidia Jumamosi na Jumapili). Soko ni lile lile, broka ni yule yule, grafu ni ile ile, lakini kadiri unavyofupisha muda ndivyo unavyosogea kwenye meza ya kamari. Ruleti yenye sifuri moja inamkata mchezaji asilimia 2.7 tu.

Sasa weka akaunti halisi. Unatuma shilingi 26,000, zinafika kama dola 200. Kanuni za Kenya za biashara ya forex mtandaoni, zilizotoka mwaka 2017, zinaruhusu mkopo wa broka hadi 1:400. Ukifungua loti 0.10 wakati euro ni dola 1.10, unashika mali ya dola 11,000, na dhamana inayozuiwa ni dola 27.50 tu. Simu inakuonyesha bado una nafasi kubwa. Lakini kila pipu ni dola 1, na euro husogea pipu 60 au 80 kwa siku ya kawaida bila habari yoyote ya ajabu. Siku mbili mbaya zinatosha kumaliza sehemu kubwa ya akaunti. Tena hesabu spredi: oda tano kwa siku, siku 20 za kazi, ni oda 100 kwa mwezi, kila moja dola 1.50. Jumla dola 150. Kwa akaunti ya dola 200, unatakiwa uzalishe asilimia 75 kila mwezi ili tu ubaki pale ulipoanzia. Hakuna benki wala mfuko duniani unaofanya hivyo mwezi baada ya mwezi.

Matokeo yamepimwa, tena na watu wasio na haja ya kumfurahisha wala kumuudhi mtu. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilipokusanya takwimu za wateja wa kawaida wanaotredi mikataba ya tofauti ya bei, ambayo ndiyo hii forex ya simu, ilikuta kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti zinapoteza. Mwaka 2018 ikashusha mkopo hadi 30 kwa 1 kwenye sarafu kubwa na 2 kwa 1 kwenye kripto, na ikapiga marufuku opsheni za jozi, zile za "itapanda au itashuka ndani ya dakika moja". India, taarifa ya SEBI, mamlaka ya masoko ya huko, ya mwaka 2024 ilikuta asilimia 93 ya watu binafsi waliotredi mikataba ya hisa ya mbele na opsheni walipata hasara katika kipindi cha miaka mitatu. Brazili ndiyo inayouma zaidi. Watafiti waliwafuatilia watu wote walioanza kutredi kwa siku mikataba midogo ya faharisi (kipimo cha bei za hisa kwa jumla) ya soko la huko kati ya 2013 na 2015. Katika wale wenye subira, waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza. Waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara walikuwa asilimia 1.1.

Angalia hiyo ya Brazili vizuri, kwa sababu inajibu hoja ya shemeji kwamba "inataka kusoma tu". Wale hawakuwa wa kujaribu wiki mbili wakaacha. Walikaa, wakarudia, na bado ujuzi haukuja. Katika ufundi wa kweli, fundi wa mwaka wa pili anamshinda wa mwezi wa pili. Kazi ambayo kudumu ndani yake hakukuinui, ndugu yangu, ina tabia ya kamari.

Hata hivyo si haki kusema hakuna tofauti yoyote. Kwenye ruleti hakuna ustadi unaoweza kugeuza hesabu. Kwenye soko upo, ila ni mchache na ni mwembamba. Chukua treda mzuri: anashinda mara 42 katika 100, na akishinda anapata mara moja na nusu ya dau lake. Wastani wake ni 0.42 mara 1.5, toa 0.58, sawa na 0.05 ya dau kwa kila oda. Huyu ana ujuzi wa kweli. Sasa mtoze ile spredi ya asilimia 10 ya dau. Anabaki na hasi 0.05. Ujuzi upo, pesa haipo. Huyu akihamia kwenye oda ndefu ambazo gharama yake ni asilimia 1 au 2, anaanza kupata. Kwa hiyo hatuulizi tu kama mtu anajua. Tunauliza kama anajua kuliko makato.

Kuna suala la pili ambalo halipigiwi kelele ipasavyo: nani yuko upande wa pili wa oda yako. Mwishoni mwa karne ya 19 Marekani ilijaa maduka ambayo mtu aliingia, akaangalia bei ya hisa kwenye utepe wa telegrafu, akaweka dhamana ndogo, akabeti kwamba bei itapanda au itashuka. Hakuna hisa iliyonunuliwa. Mwenye duka ndiye aliyelipa ukishinda na ndiye aliyechukua ukishindwa. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bodi ya Biashara ya Chicago dhidi ya kampuni ya Christie, ilitenganisha maduka hayo na soko lenyewe. Mikataba ya nafaka ya soko lenyewe ikaonekana ni biashara halali, hata kama mingi yake hufungwa kwa kufutana hesabu bila gunia kusafiri. Yale maduka hayakupata hadhi hiyo. Leo broka anayebaki na oda zako mwenyewe bila kuzipeleka sokoni amekaa kwenye kiti cha yule mwenye duka: hasara yako ndiyo mapato yake. Kanuni za Kenya zinatofautisha leseni ya broka anayekaa upande wa pili wa mteja na ya yule anayepitisha oda kwa wengine. Uliza ni leseni ipi, na upate jibu kwa maandishi.

Uingereza wamekuwa wakweli zaidi kwa jina. Huko unaweza kutredi mwendo ule ule wa bei kwa mkataba wa tofauti ya bei, na faida ikatozwa kodi ya ongezeko la mtaji. Au ukaufanya kwa kile wanachokiita wazi "kubeti spredi", na kwa mtu wa kawaida faida haitozwi kodi hiyo, kwa kuwa inahesabiwa kuwa ni kubeti. Mamlaka inayosimamia yote mawili ni moja, na skrini ni karibu zile zile.

Ni nini basi kisicho kamari? Hapo Mombasa kwenu kuna mfano mzuri. Chai inayouzwa kwenye mnada wa Mombasa huuzwa kwa dola, lakini wachumaji, lori na umeme wa kiwanda hulipwa kwa shilingi. Msafirishaji anayetegemea dola 100,000 baada ya siku 60 anaweza kukubaliana na benki leo bei atakayoziuza siku hiyo. Dola ikishuka, amesalimika. Ikipanda, amekosa nyongeza. Huyu ametumia sarafu na mkataba wa mbele, vitu vile vile ambavyo matreda wanavizungumzia, lakini yeye alikuwa na hatari tayari na ameipunguza. Mcheza kamari hutengeneza hatari ambayo haikuwepo asubuhi.

Na hisa? Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5. Mwaka uliofuata ilishuka chini ya shilingi 3, na wengi wakauza kwa uchungu wakisema wameliwa. Mwaka 2021 ikapita shilingi 40, na kufikia mwisho wa 2023 ikawa imeanguka hadi chini ya 15. Bei iliyumba kuliko kamari nyingi. Lakini nyuma ya bei kulikuwa na kampuni inayouza dakika za simu, data na M-Pesa, na kwa mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2024 ililipa gawio la shilingi 1.20 kwa hisa. Aliyenunua kwa 5 na kutulia alipata asilimia 24 ya pesa yake ya awali kwa mwaka huo mmoja bila kuuza kitu. Faida yake haikutoka mfukoni mwa mwenye hisa mwingine, ilitoka kwa wateja. Aliyenunua kwa 44 ameumia, naye hakucheza kamari, alinunua ghali. Hayo ni makosa mengine.

Ukichukua hisa hizo hizo na kuzinunua asubuhi ukauza jioni, kila siku, umerudi mezani. Gharama za dalali na tozo za soko la Nairobi ni karibu asilimia 2 kununua na nyingine karibu 2 kuuza. Utafiti wa wanauchumi Barber na Odean wa kaya zaidi ya 66,000 za Marekani, kati ya 1991 na 1996, ulionyesha soko lilipata asilimia 17.9 kwa mwaka huku waliouza na kununua mara nyingi zaidi wakipata 11.4. Walikuwa na hisa nzuri kama za wenzao. Mikono ndiyo haikutulia.

Nije kwenye ukubwa wa dau, maana hapa ndipo hata mwenye ujuzi huangamia. Rusha sarafu mara 100: uwezekano wa kupata angalau mara moja mfululizo wa kushindwa tano ni karibu asilimia 80. Si bahati mbaya, ni jambo la kutarajia. Ukihatarisha asilimia 20 ya akaunti kila oda, mfululizo huo unakuacha na theluthi moja, na unahitaji kuizidisha mara tatu kurudi ulipokuwa. Ukihatarisha asilimia 1, unapoteza chini ya 5 na maisha yanaendelea. Kwa akaunti ya dola 200, asilimia 1 ni dola 2: amri ya kukata hasara umbali wa pipu 20, loti 0.01. Ni sahihi kabisa. Lakini sasa treda mzuri sana anayepata asilimia 3 kwa mwezi atakuwa na dola 6, chini ya shilingi 800. Hakuna anayeacha kibarua kwa shilingi 800. Kwa hiyo anaongeza loti. Mtego wote uko hapo: mtaji mdogo unamsukuma mtu mwenye akili timamu kuweka dau la mwendawazimu, na broka amempa mkopo wa kuliweka.

Ukisikia mtu anasema ana dawa, yaani kudabo dau kila akishindwa, fanya hesabu naye kwenye karatasi. Anaanza na dola 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64. Akishindwa mara sita amepoteza dola 126. Ya saba inataka 128, na akaunti imebaki na 74. Kwa majuma mengi ataonekana mshindi, kisha alasiri moja inafagia yote.

Amri ya kukata hasara nayo si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro. Ndani ya dakika chache bei ilianguka chini ya 1.00, na amri zilizowekwa 1.19 zilijazwa mbali sana chini kwa sababu hapakuwa na mnunuzi katikati. Broka Alpari ya Uingereza ilifilisika, na broka mwingine, FXCM, ilinusurika kwa mkopo wa dola milioni 300. Uliza broka kama mkataba unakulinda usidaiwe zaidi ya ulichoweka.

Kuhusu neno la mama, kama analisema kwa upande wa dini, mimi nitakueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi tu. Hukumu kaipate kwa shehe unayemwamini. Mweleze mambo matatu bila kuyapamba: hupokei sarafu yoyote mkononi wala kwenye akaunti, ni tofauti ya bei tu inayolipwa; sehemu kubwa ya mali unayoshika ni mkopo wa broka; na oda ikilala inatozwa riba. Zile zinazoitwa akaunti za Kiislamu huondoa hiyo ya tatu peke yake, na mara nyingi broka huirudisha kwa spredi pana au ada ya usimamizi.

Kwa hizo shilingi 60,000: usiweke 30,000. Kama ni akiba yako yote, ni pesa ya hospitali na kodi ya nyumba, iache mahali unapoweza kuitoa. Ukiona bado roho inataka kujua, fungua akaunti ya majaribio isiyo na pesa na uandike oda 200 kwenye daftari: tarehe, sababu ya kuingia kabla hujaingia, bei ya kuingia, ya kukata hasara, ya kutoka, loti, spredi na swapu, na matokeo yakihesabiwa kwa dau, si kwa shilingi. Baada ya 200, kama wastani haujapita takriban 0.17 ya dau kwa oda baada ya makato yote, huwezi kuutofautisha na bahati. Ukipita, anza na pesa ambayo ikipotea hutamficha mtu, kwa loti 0.01, kwa broka aliye kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Siku utakapojikuta umesogeza amri ya kukata hasara ili usitolewe, au umekopa kwa simu ili "urudishe", funga akaunti siku hiyo hiyo.

Tahadhari na mwalimu wa bure. Anayekupa kiungo cha kujisajili kwa broka mara nyingi hulipwa sehemu ya spredi ya kila loti utakayofungua, ushinde ushindwe, na kwake mwanafunzi bora ni yule anayefungua nyingi. Anayesema mpe pesa akutredie anahitaji leseni yake mwenyewe ya kusimamia pesa za watu.

Na shemeji, usibishane naye. Picha za simu zenye namba za kijani hazithibitishi kitu, kwa sababu hazionyeshi akaunti iliyokufa kabla ya hiyo. Mwombe kwa upole taarifa yake ya M-Pesa au ya benki ya miezi 12. Kaeni pamoja, jumlisheni alizotuma kwa broka, kisha alizopokea kutoka kwake, mtoe moja kwa nyingine.